Barafu Ndani ya Kabureta

Kuna ugonjwa wa skuta ambao fundi hauoni kwa macho. Asubuhi ya Novemba, ukungu umetanda upande wa Cannon Hill Park, dereva anawasha skuta yake nje ya nyumba huko Balsall Heath. Inawaka bila ubishi. Anakwenda dakika 15 bila wasiwasi wowote, kisha anahisi nguvu zinapungua, kana kwamba kuna mtu anafunga mafuta taratibu. Akiachia mafuta ili asimame kwenye taa za Moseley Road, injini inanyamaza. Anabonyeza starta, anapiga kiki, wapi. Anaisukuma hadi ukingoni mwa barabara, anasimama hapo akipiga simu kuomba radhi kwa mteja anayesubiri chakula. Dakika tano baadaye anajaribu tena, na skuta inawaka mara moja.

Gerejini mambo yanazidi kuwa magumu. Fundi anafungua kabureta na kuikuta safi. Plagi ina rangi nzuri. Petroli imo, umeme upo, chujio la hewa halijaziba. Anakaza skrubu mbili tatu, anapokea hela yake, na kesho yake, kwenye ukungu uleule, skuta inazimika palepale.

Kilichoizima ni barafu. Iliganda ndani ya kabureta, ikaziba njia ya hewa na petroli, kisha ikayeyuka kwa joto la injini dereva alipokuwa amesimama. Ushahidi umeondoka na maji. Mazungumzo haya yanahusu barafu hiyo, na namna ya kuitayarisha kabureta ya skuta kwa baridi na unyevu wa Uingereza, hasa kwa madereva waliojifunza pikipiki Mombasa, Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, na sasa wanajipatia riziki kwenye barabara ambazo hewa yake ni tofauti kabisa.

Balsall Heath iko kusini mwa katikati ya jiji la Birmingham, nje kidogo ya barabara ya mzunguko iitwayo Middleway. Hapa ndipo ilipo Ladypool Road, mojawapo ya barabara zilizoupa mtaa huu sifa ya balti, mchuzi wa Kipakistani unaopikwa na kupakuliwa katika karai lake. Wakazi wake wengi asili yao ni Kashmir ya Pakistan, wengine Yemen, wengine Somalia, na miongoni mwa Wasomali wapo waliokulia Kenya na wanaozungumza Kiswahili bila kutafuta maneno. Penye migahawa mingi hapakosi skuta za kupeleka chakula. Tangu Juni 2021 jiji limekuwa likitoza magari yanayochafua hewa yanapoingia eneo lililo ndani ya Middleway, lakini pikipiki na skuta hazitozwi. Basi kijana mwenye leseni ya mafunzo na cheti cha siku moja anaweza kuendesha skuta ya sisi (cc) 125, akiwa amebandika herufi L nyekundu nyuma na mbele, na kuanza kazi. Skuta mpya hutumia mfumo wa umeme wa kuinyunyizia injini petroli. Zile za bei nafuu, zilizopita mikono mitatu minne, bado zina kabureta.

Fundi wa Afrika Mashariki hana upungufu wa ujuzi wa kabureta. Ameijua kwa kuishi nayo. Anajua kwamba pikipiki iliyorekebishwa Mombasa ikipanda hadi Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huanza kutoa moshi mweusi na kukosa pumzi. Kule juu hewa ni nyepesi, mgandamizo wake ni kama sehemu tano kwa sita za ule wa pwani, hivyo petroli inayopimwa na jeti ileile (kitundu cha kupitishia petroli) inakuwa nyingi mno. Dawa ni jeti ndogo zaidi. Ujuzi huo ni wa kweli, lakini Birmingham unafanya kazi kinyumenyume.

Balsall Heath haiko juu. Ni mita mia moja na ushei tu kutoka usawa wa bahari. Wastani wa joto la Januari ni kama nyuzi 4 au 5 za Selsiasi. Hewa ya nyuzi 5 ni nzito kuliko hewa ya nyuzi 30 kwa asilimia 9 hivi, maana yake kila pumzi ya injini inaingiza oksijeni zaidi. Jeti ya kabureta huongeza petroli kidogo hewa inapokuwa nzito, ila haiongezi kwa kiasi hicho chote. Inabaki nyuma kwa asilimia 4 au 5. Injini ya petroli inataka karibu gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Ikipata hewa zaidi ya hapo, mafundi husema mchanganyiko umekuwa mwepesi, na dalili zake zinajulikana: silensa (mwendo wa injini bila kuvuta mafuta) inayumba, injini inakohoa ikivutwa mafuta ghafla, ekzosi inapiga mlipuko mdogo dereva akiachia.

Asilimia 5 si kitu kikubwa kwa injini iliyorekebishwa vizuri. Shida ni kwamba skuta nyingi zinatoka kiwandani tayari zikiwa na mchanganyiko mwepesi ili zipite vipimo vya moshi. Hazina akiba. Juu ya hilo, petroli ya baridi haigeuki mvuke kwa urahisi. Sehemu yake inabaki matone, inagandamana na kuta za njia ya hewa, na matone hayawaki kama mvuke. Ndiyo maana kuna choki, ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi.

Halafu kuna suala la unyevu, ambalo watu wengi hulielewa upande usio wake. Dereva wa Zanzibar akiambiwa kwamba unyevu unaharibu mwendo wa injini Birmingham, ana haki ya kushangaa, kwa sababu hewa ya kwao ina maji mengi zaidi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30 ikishiba mvuke hubeba gramu 30 hivi za maji. Hewa ya nyuzi 5, hata ukungu ukiwa umefunika kila kitu, hubeba karibu gramu 7 tu za mvuke. Vespa za Mji Mkongwe zinavuta maji mara nne na zinakwenda zake.

Tofauti inatokea ndani ya kabureta. Petroli inapogeuka mvuke hunyonya joto, na joto hilo inalitoa kwenye hewa inayopita na kwenye chuma kinachoizunguka. Joto linaweza kushuka kwa nyuzi 20, wakati mwingine zaidi. Sasa piga hesabu. Zanzibar, 30 ukitoa 20 inabaki 10, maji hayagandi. Balsall Heath, 6 ukitoa 20 ni 14 chini ya sifuri. Zile gramu saba zinaanza kujenga barafu kwenye kilango cha hewa na kuzunguka tundu la jeti, kidogo kidogo, kilomita baada ya kilomita, hadi njia inapokuwa nyembamba kiasi cha kutosha kuizima injini. Ndiyo sababu ugonjwa hauji dakika ya kwanza. Na ndiyo sababu siku ya baridi kali ya chini ya sifuri, hewa ikiwa kavu, skuta ileile inaweza kwenda vizuri kuliko siku ya nyuzi 6 yenye ukungu: hewa kavu haina maji ya kutosha kugandisha.

Marubani wa ndege ndogo wanaifahamu hatari hii vizuri kuliko madereva wote, kwa kuwa ndege haiwezi kusimama pembeni ikasubiri dakika tano. Katika ndege hizo kuna mkono wa kuvutia hewa ya moto iliyopita kando ya ekzosi, na mwanafunzi wa urubani hufundishwa kuuvuta mapema. Viwanda vya Birmingham navyo viliijua. Gari la Mini, lililoanza kutengenezwa 1959 na likatengenezwa kwa miongo mingi Longbridge, kusini magharibi mwa jiji hili hili, lilikuwa na mdomo wa chujio la hewa unaoweza kugeuzwa: wakati wa baridi mwenye gari aliuelekeza kwenye bomba la ekzosi ili injini ivute hewa yenye joto. Kazi ya dakika chache kwa spana moja. Baadaye sana, pikipiki za Kijapani zilizokuja Uingereza katika miaka ya 1990 baadhi yake zilifungwa vipasha joto vya umeme kwenye kabureta, baada ya wenyeji kulalamika kwamba zinazimika kwenye ukungu.

Inafaa kusemwa wazi kwamba Birmingham si mji wowote tu katika habari ya kabureta. Mwaka 1927 kampuni tatu, AMAC, Brown & Barlow na Binks, ziliunganishwa zikazaa Amal, na kutoka kaskazini mwa jiji kabureta za Amal zikaenda kufungwa kwenye pikipiki nyingi za Kiingereza, zikiwemo zile za BSA zilizotengenezwa Small Heath, mwendo mfupi kutoka Balsall Heath. Amal nyingi zilikuwa na kitufe kidogo juu ya bakuli. Asubuhi ya baridi mwenye pikipiki alikibonyeza, boya likazama, petroli ikafurika hadi ikamlowesha vidole, kisha akapiga kiki. Hiyo ndiyo iliyokuwa choki yao. BSA ilijaribu pia skuta: mwishoni mwa 1958 ilitangaza mashine iliyouzwa kwa majina mawili, BSA Sunbeam na Triumph Tigress, ya sisi 175 au 250. Velocette ya Hall Green nayo ikaleta Viceroy yake mwaka 1960. Zote mbili hazikudumu. Wanunuzi walikuwa wameshazoea Vespa na Lambretta za Waitaliano.

Kuna jina jingine, na hili lina uhusiano wa moja kwa moja na skuta iliyozimika Moseley Road. Ni SU, kabureta iliyobuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 na George Herbert Skinner, mtoto wa familia ya wauza viatu wa Lilley & Skinner. Katika kabureta zake za kwanza alitumia kiriba cha ngozi ambacho kilipanda na kushuka kwa kufuata mvuto wa injini, kikibeba sindano ya kupimia petroli. Mtengenezaji wa magari William Morris aliinunua kampuni ya SU mwaka 1926, na kazi ikahamia Adderley Park, mashariki mwa jiji. Sasa fungua kifuniko cha kabureta ya skuta ya kisasa yenye injini ya aina ya GY6, zile zinazotengenezwa Uchina na Taiwani na kuuzwa kwa majina mengi. Utakuta kiwambo cheusi cha mpira, kipistoni na sindano, vikipanda na kushuka kwa mvuto wa injini. Kanuni ni ileile ya Skinner. Ngozi imegeuka mpira. Kiwambo hicho kikitoboka hata kwa tundu la pini, kipistoni hakipandi sawasawa na skuta inakosa nguvu, na mwenye haraka atasingizia baridi.

Hapo ndipo kazi ya kurekebisha inapaswa kuanzia: kwa kuondoa visingizio kabla ya kugusa skrubu. Mpira unaounganisha kabureta na injini hupasuka kwa uzee, na mpasuko unaruhusu hewa ya ziada ambayo hakuna jeti inayoipima. Wakati wa kiangazi hewa hiyo inavumilika. Januari, mchanganyiko ukiwa tayari mwepesi, inaizima injini. Chujio la hewa lililoloweshwa na maji ya barabarani ni jambo jingine. Linaibana injini kiasi kwamba inapata mafuta mengi badala ya machache. Nafasi za valvu zikibana sana, skuta inakuwa ngumu kuwaka asubuhi hata kabureta ikiwa mpya.

Choki ya otomatiki inahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi ya hivyo vyote. Katika skuta nyingi za kabureta, dereva havuti choki. Kuna kifaa kidogo cheusi kando ya kabureta chenye nyaya mbili. Injini ikiwa baridi, njia ya petroli ya ziada iko wazi. Umeme ukipita, kifaa kinapata moto, kinasukuma pini, na baada ya dakika chache njia inafungwa. Nyaya zikikatika au kifaa kikifa, njia haifungwi kamwe. Skuta inawaka vizuri asubuhi, kisha inanuka petroli, inakula mafuta, plagi inakuwa nyeusi kama masizi. Makosa yanayofuata ni ya kawaida mno: mtu anaona mafuta ni mengi, anafunga skrubu ya mchanganyiko, silensa inatulia kidogo, na sasa skuta ina magonjwa mawili. Kipimo ni rahisi. Washa injini ikiwa baridi kabisa, subiri dakika tano, gusa kifaa. Kikiwa hakijapata moto, tafuta umeme kwanza.

Hayo yakishakuwa sawa, skrubu inaweza kuguswa. Fanya kazi hii nje, si kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na inaua. Endesha skuta angalau dakika kumi hadi ipate moto kamili, na ichaguliwe siku ya baridi ya kawaida, kwani kabureta iliyorekebishwa Agosti imerekebishwa kwa hewa ya Agosti. Kabla ya yote, funga skrubu ya mchanganyiko taratibu hadi mwisho huku ukihesabu mizunguko, uandike, kisha uirudishe. Injini nyingi hukaa vizuri kati ya mzunguko mmoja na nusu na miwili na nusu.

Tahadhari moja hapa inawaponyoka hata mafundi wazoefu. Skrubu ya mchanganyiko haina maana moja katika kabureta zote. Ikiwa iko upande wa injini, baada ya kilango cha hewa, kwa kawaida inapima mafuta: ukiifungua, mafuta yanaongezeka. Ikiwa iko upande wa chujio, inapima hewa: ukiifungua, mafuta yanapungua. Kabureta za GY6 ni za aina ya kwanza. Baadhi ya kabureta za Dell'Orto za skuta ndogo za Kiitaliano ni za aina ya pili. Mtu akikosea upande, anaipunguzia petroli injini ambayo tayari ina njaa.

Zungusha robo mzunguko kwa wakati, ukisubiri sekunde kadhaa, hadi silensa ifike juu kabisa na kutulia. Kwa majira ya baridi, mafundi wengi huongeza mafuta kidogo kupita hapo, kama moja ya nane ya mzunguko, kisha wanashusha silensa kwa skrubu yake. Silensa ya skuta ndogo mara nyingi ni mizunguko 1,500 hadi 1,700 kwa dakika. Kuiacha upande wa juu wa kipimo hicho kunasaidia kwenye ukungu, kwa sababu kilango cha hewa kinabaki wazi kidogo zaidi na barafu inachelewa kukiziba. Ila isipandishwe hadi gurudumu la nyuma lianze kuzunguka lenyewe.

Jeti kubwa iguswe mwisho, na mara nyingi haina haja. Inatawala pale dereva anapovuta mafuta hadi mwisho, na kwenye foleni za Stratford Road nafasi hiyo ni adimu. Lakini kwa Vespa za zamani za injini ya mipigo miwili habari ni nyingine, na ni nzito. Huko mafuta ya kulainisha injini yanaingia pamoja na petroli. Mchanganyiko ukiwa mwepesi, joto linapanda na ulainishaji unapungua kwa pamoja, na pistoni inaweza kung'ang'ania kwenye silinda mwendo ukiwa kasi. Mwenye Vespa aliyeibadilishia ekzosi au chujio asisite kupanda jeti kwa hatua moja ifikapo Novemba. Namba za jeti za Dell'Orto ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, hivyo jeti ya 100 ina tundu la milimita moja, na kutoka 100 hadi 102 au 103 kunatosha kuonekana kwenye plagi. Kahawia isiyokolea ni sawa. Nyeupe ni onyo.

Marekebisho yote hayo hayaondoi barafu. Skrubu haiwezi kuondoa maji hewani. Kinachosaidia ni joto na petroli yenyewe. Vifuniko vya plastiki na bati vinavyoizunguka injini virudishwe vyote, maana vinaifungia joto kabureta. Skuta nyingi za mkono wa tatu zimeshapoteza nusu yake. Madukani kuna dawa za kuchanganya na petroli zenye alkoholi aina ya isopropano, zinazozuia maji kuganda. Zitumike kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Dereva akihisi dalili za mwanzo, asimame mahali salama, azime injini, aiache dakika tatu hadi tano joto lipande kwenye kabureta. Kuendelea kupiga starta kunamaliza betri bila faida.

Kuhusu petroli, Septemba 2021 vituo vya Uingereza vilianza kuuza petroli ya kawaida iitwayo E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli inapogeuka mvuke hunyonya joto zaidi ya mara mbili ya petroli, hivyo inaongeza baridi palepale kwenye kabureta. Tena inavuta maji. Tangi likikaa nusu tupu wiki kadhaa chini ya turubai, mvuke unageuka matone kwenye kuta zake, ethanoli inayanywa maji hayo, na yakizidi, maji na ethanoli vinajitenga na kushuka chini, ambako ndiko petroli ya kabureta inakotoka. Serikali yenyewe ilizitaja skuta ndogo za sisi 50 na vyombo vya zamani kuwa baadhi yake hazifai E10. Vyombo hivyo vinashauriwa kutumia E5, inayouzwa kama petroli ya daraja la juu kwa bei kubwa zaidi. Kwa skuta inayojaza lita tano au sita, tofauti ya bei ni ya kuvumilika.

Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Kila mwezi wa baridi, kinga kopo la kioo, ifungue, acha petroli itiririke. Yakiwemo maji, yatakaa chini na mstari utaonekana. Mei ikifika na joto likipanda hadi nyuzi 15 na zaidi, skrubu ya mchanganyiko irudishwe kwenye ile hesabu iliyoandikwa, la sivyo plagi itaanza kushika masizi kabla ya Julai.